Premio ya 1ZZ imepita kilomita 246,000 na inakula oili. Niweke oili gani?

MwalimuMafinga aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela mfukoni.

Nina Premio ya mwaka 2002, injini 1ZZ-FE, cc 1,800, otomatiki, namba C. Dashibodi inasoma kilomita 246,000 na ushee. Naendea kazini kila siku, na shule zikifunga nakwenda nayo Dar kumwona mama. Gari linawaka vizuri, halichemshi, gia zinaingia bila kishindo. Tatizo ni oili. Nikimwaga na kujaza mpaka alama ya juu, nikienda Dar na kurudi Mafinga, stiki inakuta oili iko kwenye alama ya chini kabisa.

Chini ya gari sioni dimbwi, kuna unyevunyevu tu ubavuni mwa injini upande wa alteneta. Asubuhi likiwaka halitoi moshi. Moshi nauona sehemu moja: nashuka Kitonga kwa gia ya 2, nikifika chini na kukanyaga mafuta, kwenye kioo naona wingu la bluu nyuma yangu, halafu linapotea.

Kila fundi niliyemuuliza ana lake. Mmoja anasema nibaki na 20W-50 ninayotumia sasa kwa sababu injini imechoka. Mwingine anataka ninunue injini ya mtumba Dar, anasema hii imekwisha. Duka la vipuri wananishawishi oili ya magari yenye kilomita nyingi, bei yake inakaribia mara mbili ya hii yangu. Sina uwezo wa kubadili gari mwaka huu wala mwakani, kwa hiyo nataka hili lidumu. Je, hiyo oili ya bei inafanya kitu kweli? Na hii injini bado ina maisha?

Natanguliza shukrani.

---

DerevaKilombero alijibu:

Dada, usijisumbue. Gari likishapita laki mbili ni oili nzito tu. 20W-50, ukikosa weka namba 40. Corolla 110 yangu yenye injini ya 5A inapiga Ifakara na Morogoro vumbi na mvua, haijawahi kufunguliwa. Hizo oili za bei kubwa ni biashara ya watu. Muhimu usiache ishuke.

---

FundiMsamvu alijibu:

Mwalimu, pole na Kitonga. Dereva, neno lako la mwisho ni la dhahabu, nitalirudia. Lakini 5A yako na hii 1ZZ ya mwalimu ni injini mbili tofauti kabisa. 5A ina mkanda wa taiming na haina VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka. 1ZZ ina cheni, ina VVT-i, na ina ugonjwa wake wa kuzaliwa ambao 5A hauna.

Tuanze hapo kwenye ugonjwa, maana ndiko jibu lilipo.

Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, isishuke. Ya tatu ni ringi ya oili: ina vipande viwili vyembamba na chemchemi katikati, kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini. Inarudi kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye pistoni, nyuma ya hiyo ringi. Kwenye 1ZZ za mwanzo, zile za kuanzia 1998 mpaka kama 2002, matundu hayo ni machache na madogo. Oili ikikaa muda mrefu bila kumwagwa, inaungua pale kwenye joto, masizi yanaziba matundu, na ringi yenyewe inagandia kwenye mfereji wake. Nimezitoa pistoni za aina hii nyingi. Unabonyeza ringi ya juu kwa kidole, inaingia na kutoka. Unabonyeza ya tatu, haitikisiki, imekuwa kitu kimoja na pistoni. Matundu huyaoni mpaka ukwangue kwa waya ndipo tundu la kwanza linajitokeza. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni za injini hii, ikaongeza matundu na kuyapanua, na malalamiko yakapungua sana.

Sasa tazama moshi wako. Asubuhi hakuna. Sili za valvu zingekuwa zimekufa, oili ingedondokea kwenye silinda usiku kucha na ungeona moshi pindi unapowasha. Wewe unauona baada ya mteremko mrefu. Ukishuka kwa gia huku umeachia mafuta, ndani ya silinda kunakuwa na mvuto mkubwa, na mvuto huo unafyonza oili kutoka chini kupitia ringi isiyofanya kazi. Ukikanyaga mafuta, iliyofyonzwa yote inaungua kwa pamoja. Sili nazo zinaweza kutoa moshi wa namna hii, lakini kwa gari ambalo asubuhi ni safi, mimi naanza kuishuku ringi ya oili.

Ndiyo maana sikubaliani na aliyekuambia injini imekwisha, kama hajapima. Naomba ufanye mambo haya, halafu urudi hapa na majibu.

Kwanza pima ulaji wenyewe. Egesha mahali tambarare, pale pale kila mara, asubuhi kabla ya kuwasha. Futa stiki, ichomeke, isome. Jaza mpaka alama ya juu, usizidishe, andika kilomita. Baada ya kilomita 500 pima tena na uone umeongeza kiasi gani kuirudisha juu, galoni za lita moja zina mistari ubavuni. Vitabu vya Toyota vya masoko mengi vinataja lita 1 kwa kilomita 1,000 kama kikomo. Ukiwa ndani ya kikomo huo haina maana gari ni zima, ina maana tu bado unaweza kuliendesha huku ukilitunza.

Pili, huo unyevu upande wa alteneta. 1ZZ ina tenshena ya cheni, yaani kikaza cheni, iliyofungwa kwa nje, na ina o-ringi ndogo inayokauka na kuanza kutoa jasho. Ni kitu cha bei ndogo sana. Safisha pale kwa petroli kidogo na brashi injini ikiwa baridi, endesha siku mbili, tazama unyevu unaanzia wapi. Ukianzia juu, ni gasketi ya kava ya valvu.

Tatu, valvu ya PCV, ile inayotoa gesi za chini ya injini. Iko juu kwenye kava, ina mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ifungue uitikise karibu na sikio. Nzima inagonga ndani, tik tik. Ikiwa kimya imeganda, na gesi za chini zikikosa njia zinasukuma oili kila mahali. Mtu anaweza kushauriwa injini mpya kumbe kilichokufa ni hiki.

Nne, kompresheni kwenye silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta umekanyaga mpaka chini. Na plagi zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda uzipige picha.

Jambo la mwisho, fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo, na ndani ya boneti pia. Gari nyingi zinazotoka Japani zina stika ndogo ya kumwaga oili iliyobandikwa na gereji ya huko. Itakuwa na tarehe na kilomita. Wajapani mwaka wanauandika kwa enzi zao: ukiona H na namba, jumlisha 1988. H20 ni 2008. Hiyo stika huwa inasema ukweli kuliko dashibodi.

---

MwalimuMafinga alijibu:

Fundi, Mungu akubariki. Nimechukua muda, ila nimefanya yote.

Ulaji: kilomita 500 za hapa na pale, bila safari ndefu, nimeongeza kama mililita 450. Unyevu unaanzia pale pale kwenye tenshena kama ulivyosema, juu ni pakavu. PCV ilikuwa kimya kabisa, nimebadilisha.

Kompresheni kwa psi, silinda ya kwanza mpaka ya nne: 175, 170, 175, 170. Fundi aliyepima alishangaa, alitegemea iwe chini. Plagi za 2 na 3 zina ukoko mweupe wenye rangi ya kahawia pembeni, za 1 na 4 zina nafuu.

Stika imenivunja moyo. Ipo nguzo ya mlango, imefifia lakini inasomeka: H24, na kilomita 171,300. Hiyo ni 2012. Karatasi nilizokabidhiwa na aliyeniuzia zinaonyesha gari lilitua 2013 likiwa na kilomita 89,000. Nikijumlisha, gari hili limeshatembea zaidi ya 328,000. Nimekaa nalo miaka yote nikiamini namba isiyo yake.

---

FundiMsamvu alijibu:

Mwalimu, usivunjike moyo. Aliyerudisha hizo namba amefanya dhambi, kwa sababu mtu anayenunua anapanga matunzo kwa kile anachokisoma. Lakini sikiliza majibu yako yanavyosema: injini yenye kilomita 328,000 ina kompresheni 170 na 175, na tofauti kati ya silinda na silinda ni ndogo. Kuta za silinda zina afya. Ringi za juu ni nzima. Valvu zinafunga. Hiyo siyo injini ya kutupa ukaenda kununua nyingine ya mtumba ambayo hujui ilimwagwa oili lini, na ambayo kama ni 1ZZ ya miaka hiyo hiyo inakuja na ugonjwa huo huo.

Watu wengi wanakosea hapa, hata mafundi wazuri. Kipimo cha kompresheni hakiioni ringi ya oili. Kinapima za juu tu. Kwa hiyo 1ZZ inaweza kusoma vizuri kabisa na bado inakunywa lita kila kilomita elfu. Ukiunganisha kompresheni nzuri, plagi zenye ukoko na moshi wa Kitonga, kwangu ni ringi za oili zilizoganda, 2 na 3 zaidi.

Sasa tuje kwenye oili uliyoiuliza.

Namba ya kwanza, yenye W, ni jinsi inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya pili ni uzito wake kwenye joto la nyuzi 100. 50 ni nzito kuliko 40, 40 kuliko 30. Oili nzito inapita kidogo kwa shida zaidi kwenye ringi mbovu, kwa hiyo ni kweli ulaji unaweza kupungua kiasi. Sisemi 20W-50 itaua injini yako, jedwali la Toyota kwa nchi za joto linaiweka. Lakini Mafinga si Ifakara. Mafinga mwezi wa Juni na Julai asubuhi unapuliza mvuke mdomoni, na hiyo 20 mwanzoni inachelewa kupanda kwenye kemshafti. Sikiliza sekunde za kwanza ukiwasha, kama unasikia mlio wa cheni kisha unanyamaza, ndiyo hiyo. Tenshena inasukumwa na oili. VVT-i inaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye kichujio kidogo kuliko ncha ya kidole chako. Hivyo vitu viwili havipendi oili inayojikokota.

Namba 40 kavu isiyo na W achana nayo kabisa kwa injini hii.

Mimi ningekuwekea 10W-40, na nyuma ya galoni nisome herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili. SN ilitoka 2010, SP ilitoka 2020. Ukipata SP chukua, ukipata SN inatosha. Ukikuta SF au SG uirudishe rafuni, hiyo ni ya magari ya miaka ya themanini na mwanzo wa tisini. Herufi hizo zina maana kubwa kwako kuliko jina la mbele, kwa sababu injini yako inahitaji viosheo vya kisasa vinavyozuia masizi yasigande. Hapo ndipo ugonjwa wako ulipozaliwa.

Kuhusu oili ya kilomita nyingi: si uongo, na si dawa ya hili ulilonalo. Valvoline ndio walioanza kuziuza Marekani mwaka 2000, wakilenga magari yaliyopita maili 75,000, yaani kama kilomita 120,000. Kwetu gari linafika bandarini likiwa limeshapita hapo. Ndani yake wanaongeza viungo vinavyolainisha na kuvimbisha kidogo sili za mpira zilizokakamaa, na viosheo zaidi. Mtu mwenye sili inayotoa jasho nyuma ya injini anaweza kuona nafuu. Ringi iliyoganda kwenye pistoni haina mpira wa kuvimba. Ukiwa na hela yake weka, ina viosheo. Lakini kama hela hiyo hiyo inaweza kukununulia oili ya SN ya kawaida mara mbili, nunua mara mbili, na mwaga kila kilomita 4,000 pamoja na filta. Kila safari. Kwa injini inayochoma oili, oili mpya inayokuja mara nyingi inaosha kidogo kidogo. Nimeona zikipungua ulaji kwa njia hiyo peke yake, taratibu.

Usikubali dawa ya kusafisha injini ile ya kumwaga na kuwasha dakika kumi. Kwenye injini ya 328,000 yenye tope, tope hilo likibanduka kwa mkupuo linakwenda kukaa kwenye chujio la pampu chini ya sampu, na pampu ikikosa oili umeua beringi.

Kuna njia ya katikati, ya kuloweka pistoni. Plagi zinatolewa, pistoni zinawekwa katikati ya mwendo, dawa ya kuyeyusha kaboni inamiminwa kupitia matundu ya plagi na kuachwa usiku mzima. Asubuhi waya za koili na sindano zimechomolewa, unafunika matundu kwa kitambaa na kupiga stata mpaka kilichobaki kitoke, kisha unamwaga oili yote kabla gari halijasogea. Fundi akirudisha plagi kukiwa bado na maji ya dawa juu ya pistoni, atakupinda rodi. Kwa aliye mwangalifu ni kazi nzuri. Baadhi ya injini zinapona nusu, baadhi hazisikii. Mimi ningeijaribu kabla ya kufungua.

Tiba kamili ni kufungua: pistoni za toleo la baadaye zenye matundu makubwa, ringi mpya, sili za valvu zikiwa zimeshafikika, gasketi. Kwa kompresheni yako silinda hazihitaji kuchongwa. Na fundi akisema atachonga, muulize kwa nini, maana bloku hii ni ya aluminiamu na laina za chuma ndani yake ni nyembamba, hakuna nyama ya kupoteza.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao. Ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni ya presha, siyo ya kiwango. Haikuambii oili imepungua. Inakuambia pampu imeanza kunyonya hewa, na wakati huo beringi zimeshaumia. Injini yako inachukua chini ya lita 4 au kuzidi kidogo tu. Ukipoteza lita moja umepoteza robo, na ile robo tatu iliyobaki inafanya kazi ya yote, inapata joto zaidi, inaungua zaidi, inagandisha ringi zaidi. Ndivyo ugonjwa unavyojilisha wenyewe. 1ZZ nyingi ninazoziona zimekufa hazikufa kwa kula oili. Zimekufa kwa mwenyewe kuamini kwamba amemwaga juzi, kwa hiyo ipo. Pima kila Jumamosi. Ukisafiri, pima kabla ya kuondoka na ukisimama kula Morogoro, acha gari litulie dakika tano kwanza.

Nikupe mwalimu mwenzako. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi huko New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 ikapita maili milioni 3. Injini ilifunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya kupita maili 600,000. Watu walikwenda kumuuliza siri, akawa anawaambia amefuata kitabu cha gari na kumwaga oili kwa wakati. Wewe uko kilomita 328,000 na kuta za silinda zako ni nzima.

---

KibwanaMSA alijibu:

Salaam aleikum jamani, niko Mombasa, nimefuata huu uzi tangu mwanzo. Fundi umeeleza mambo yakaeleweka.

Naongeza kwa upande wa oili ya kilomita nyingi, kwa kuwa naitumia. Nina Probox ya 1NZ, gari ya kazi, Mombasa na Malindi na mizigo juu. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inadondosha, kila ninapoegesha panabaki alama. Nilibadilisha oili nikatia ya aina hiyo, na baada ya kumwaga mara kadhaa mdondo ukakauka, ukabaki unyevu tu. Ulaji wa ndani haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo anavyosema fundi ndivyo ilivyo kwangu: ilisaidia mpira, haikusaidia chuma.

Dada, jambo jengine ni oili bandia. Huku tunazo na najua kwenu zipo. Oili chafu inachujwa, inatiwa rangi, inarudishwa kwenye galoni la jina kubwa. Nunua kwa muuzaji mmoja unayemjua. Tazama pete ya kizibo kama imeshikana, linganisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni na tarehe yake, ikiwa imefutika au imebandikwa juu ya nyengine usichukue. Fungua unuse: oili mpya ya petroli haina harufu ya kuungua. Na ukimaliza galoni litoboe kwa bisibisi kabla ya kulitupa, usimwachie mtu chombo cha kumdhulumu mwenzio.

---

DerevaKilombero alijibu:

Fundi nimekusoma. Hilo la kompresheni kutoiona ringi ya oili sikuwa nalifahamu, na nina ndugu ana Allion ya 1ZZ aliyeambiwa anunue injini wiki hii hii. Nimemtumia huu uzi. Ila kwa 5A yangu nabaki na 20W-50, huku bondeni hakuna baridi.

---

FundiMsamvu alijibu:

Baki nayo Dereva, kwa 5A na joto la bonde la Kilombero sina ugomvi. Huyo ndugu mwambie apime kwanza PCV na ulaji. Na kama Allion yake ni ya 2004 kuja juu, basi pistoni zake ni zile zilizorekebishwa, atafute sababu kwingine, aanze na sili za valvu.

---

MwalimuMafinga alijibu:

Nimeshabadilisha o-ringi ya tenshena, pamekauka. Nimemwaga ile 20W-50 na kuweka 10W-40 ya SN, na mlio wa asubuhi niliokuwa nausikia sekunde za mwanzo umepungua sana. Kuloweka pistoni nitafanya shule zikifunga, nimepata fundi Iringa anayeifahamu kazi hiyo na amekubali nisimame naye.

Maswali mawili ya mwisho fundi. Nikiwa njiani nikakuta imeshuka na duka la karibu lina 20W-50 tu, naruhusiwa kuchanganya? Na nikisema nianze kutafuta pistoni taratibu, nitajuaje kama ni zile za matundu makubwa?

---

FundiMsamvu alijibu:

Changanya bila hofu. Oili za injini za petroli zenye API zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, utapata tu uzito wa katikati. Kuendesha ikiwa chini ya alama kwa sababu umekosa ile ile ni hatari kuliko mchanganyiko wowote. Hata hivyo weka lita moja ya 10W-40 kwenye buti, imesimama wima, ndani ya mfuko.

Pistoni usiulizie kwa jina la Premio. Nenda na namba ya chasisi, yako itaanza na ZZT240, na umwambie muuzaji unataka za 1ZZ za toleo la baada ya marekebisho. Kisha usilipe mpaka uishike mkononi. Geuza pistoni, tazama mfereji wa tatu kutoka juu: matundu yaonekane kwa macho pande zote mbili, makubwa, na mwanga upite ukiielekeza dirishani. Kama unatafuta tundu kwa kukodoa macho, hizo ni zile zile ulizonazo ndani ya gari. Ringi za oili nunua seti ya saizi ya kawaida. Na siku fundi atakapofungua mwambie akutunzie pistoni za zamani za 2 na 3 asizitupe, nizione picha.